Ua la Usambara na Mzigo wa Jina: Tahakiki Fupi

Ua dogo la rangi ya zambarau linaloota penye kivuli na unyevu, katika nyufa za miamba ya misituni, lina sifa adimu ya kuwa ishara ya kanda: asili yake ni Tanzania na Kenya tu. Hupatikana Usambara na Uluguru, kisha huvuka mpaka hadi kilima cha Mbololo huko Taita na majabali ya Kilifi. Makala haya hayapingi ua hilo kupewa hadhi ya ishara. Yanachohoji ni jina.

Tafsiri inayomjia haraka mwandishi wa Kiswahili ni "urujuani wa Afrika", iliyochukuliwa kutoka Kiingereza. Kila neno ndani yake lina walakini. Urujuani ni jina la rangi, wala si la mmea. Na hata violeti ya Ulaya, iliyozaa jina hilo la Kiingereza, si jamaa ya ua hili kibotania. "Afrika" nalo limeyapanua makazi ya ua la milima michache likayafanya bara zima. Wajerumani, ambao ofisa wao wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelifikisha kwa watunza bustani wa Ulaya, hadi leo huliita Usambaraveilchen. Ajabu ni kwamba mwenye chungu cha maua dirishani Berlin huitaja Usambara, ilhali sisi tuko mbioni kuifuta.

Mwaka 1893 Hermann Wendland aliliita Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya ofisa huyo. Mwaka 2015 wanabotania walilihamishia katika jenasi Streptocarpus, na jina la ofisa likashuka daraja. Ikiwa wanasayansi wamelitazama jina upya, wanaistilahi wetu wana udhuru gani?

"Ua la Usambara" ni pendekezo bora zaidi, ingawa sina raha nalo kabisa: Mtaita ataona amealikwa karamu ya ua lake mwenyewe katika nyumba ya jirani. Kabla BAKITA au Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki haijasanifisha lolote, jina litafutwe kwanza kwa wasemaji wa Kishambaa, Kiluguru, Kitaita na Kigiriama, kwa kwenda msituni pamoja nao na si kwa kuwapelekea hojaji. Kazi hiyo haiwezi kungoja. Misitu inakatwa kwa ajili ya mashamba na mbao, na baadhi ya aina za ua hili zimebaki katika maeneo madogo mno. Mzee anayelijua ua kwa jina la nyumbani alilizoea njiani akienda mtoni. Mjukuu wake asipolikuta huko, hatakuwa na sababu ya kulitaja.