Bukoba Mjini, Jimbo Lisilo na Mwenyewe

Kuna majimbo ambayo mbunge huyakalia kama kibanja cha urithi. Wapiga kura wa Bukoba Mjini hawana desturi hiyo, na kwa hilo nawavulia kofia.

Mwaka 2000 walimpeleka bungeni Wilfred Lwakatare wa CUF, akawa kiongozi wa kambi ya upinzani. Mwaka 2005 wakampumzisha, wakamtuma Khamis Kagasheki wa CCM. 2010 wakamwongezea muda, akafika hadi kuwa Waziri wa Maliasili na Utalii. Cheo hicho hakikuwatisha: 2015 Lwakatare yuleyule, safari hii kwa tiketi ya Chadema, akambwaga Kagasheki yuleyule. 2020 jimbo likarudi CCM kwa Stephen Byabato, katika uchaguzi ambao wapinzani waliulalamikia nchi nzima. Majirani wa Muleba Kusini wao ni watulivu zaidi. Anna Tibaijuka walikaa naye miaka 10.

Pongezi nyingine ziwaendee wasimamizi wa vituo, watu wasiotajwa na yeyote. Kura huhesabiwa palepale kituoni, karatasi moja baada ya nyingine, mawakala wakikodoa macho. Halafu hujazwa fomu namba 21B, ya ubunge, na matokeo hubandikwa kituoni. Huko visiwani Muleba, kama Bumbire na Goziba, vifaa vyote vya kura vinalazimika kuvuka ziwa kwanza.

Siku nyingine ukiikuta karatasi hiyo ukutani, ndugu msomaji, usiipite. Simama uisome mpaka sahihi ya mwisho.