Rosa Si Waridi Tu: Majina ya Kilatini na Mtego wa Majazi

Mwalimu mwenzangu, bila shaka nawe umewahi kuulizwa darasani swali ukalijibu upesi ili kengele isikukute, kisha swali lilo hilo likakusumbua kwa miaka. Langu niliulizwa hapa Samburu, hii yetu ya Kwale iliyo kando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, si ile ya kaskazini. Nilikuwa nikifundisha Utengano ya Said Ahmed Mohamed katika Kidato cha Tatu na tulikuwa tumefika kwenye majazi. Kama ilivyo desturi yetu, nilichora jedwali ubaoni: upande huu jina la mhusika, upande ule maana yake na sifa zake. Maksuudi hakututaabisha, maana bwana yule hutenda maovu yake kwa makusudi. Tulipofika kwa Maimuna, nikaeleza kwamba ni jina la Kiarabu lenye maana ya mwenye baraka, mwenye heri. Msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, kama jina lake ni majazi, mbona hakubarikiwa?"

Sikuwa nimejiandaa. Nilisema jambo fulani kuhusu kinaya, nusu nikiliamini. Msichana huyo huyo akaongeza swali la pili, ambalo niliona ni jepesi zaidi. Yeye aliitwa Felista. Wazazi wake walikuwa wamehamia kwetu kutoka bara, na alivyosimuliwa ni kwamba katekista wa kwao alilitoa jina hilo kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa ukutani, kwa kuwa yeye alizaliwa mwezi wa Machi. Je, jina lake lilikuwa na maana gani? Nikamjibu kwamba ni jina la Kizungu la ubatizo, halina maana, na tuendelee.

Majibu yangu yote mawili yalikuwa mabovu, na ubovu wao una mzizi mmoja. Mzizi huo ni namna tunavyofundisha majazi, na ndio ninaotaka tuuchimbe pamoja, hasa kwa upande wa majina ya kike yatokayo Kilatini. Hayo ndiyo tunayoyapuuza kuliko yote, ilhali yamejaa katika sajili za madarasa yetu na pia katika mojawapo ya riwaya kuu za Kiswahili.

Majazi, kama tunavyoyafafanua katika fasihi andishi, ni mbinu ya mwandishi kumpa mhusika jina linaloafikiana na sifa au hali yake. Ufafanuzi huo ni sahihi. Tatizo ni kwamba miongozo mingi imeugeuza kuwa kazi ya kamusi: tafuta maana ya neno, ibandike kwa mhusika, chukua alama zako. Mtahiniwa akizoea hivyo husahau kwamba katika maisha jina hutangulia sifa. Watoto wa huku kwetu wanalijua hilo vizuri kuliko miongozo. Mtoto wa Kiduruma aghalabu hupewa jina la babu au nyanya, kwa hiyo jina hilo humwambia ametoka wapi, si atakuwa nani. Nyamvula ni jina la mvua, Mejumaa ni jina la Ijumaa. Majina hayo yanasimulia siku ya kuzaliwa, na Nyamvula akikua mkali kama kiangazi cha Kinango hakuna atakayesema amelisaliti jina lake. Basi anapokuja darasani na kuambiwa kwamba jina la mhusika lazima lifanane na tabia yake, ana haki ya kushangaa.

Hebu sasa tulirudie jina la Felista. Pamoja na Felistas na Felisita, linarejea kwenye neno la Kilatini felix, yaani mwenye heri, mwenye bahati njema. Felicitas ni jina la mwanamke aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwaka 203 katika mji wa Karthago, karibu na Tunis ya leo, pamoja na mwenzake Perpetua. Felicitas alikuwa mtumwa, tena mjamzito, na alijifungua gerezani siku chache kabla ya kuuawa. Perpetua alikuwa mwanamke kijana wa familia bora, mwenye mtoto mchanga anayenyonya, na masimulizi yake ya kifungo ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya mwanamke Mkristo tuliyo nayo. Hayo yote yalitokea Afrika. Nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba jina lake ni la Kizungu, kumbe lilikuwa limebebwa na mwanamke wa bara hili kabla ya mataifa mengi ya Ulaya kusikia habari za ubatizo.

Na kuna lililoniuma zaidi. Mwenye heri ni Felista, na mwenye heri ni Maimuna. Msichana yule alikuwa akiuliza swali moja mara mbili, nami sikusikia.

Labda utasema, mwalimu mwenzangu, kwamba Kilatini ni mbali nasi mno. Tazama basi meza unayoegemea unaposahihisha insha. Neno hilo tulilipata kwa Wareno, nao wakalirithi kutoka Kilatini, kama ilivyokuwa kwa mvinyo. Hata desturi ya Warumi ya kuwaita wanawake si ngeni hapa pwani. Julia, Klaudia na Kornelia hayakuwa majina ya kuchaguliwa. Yalikuwa jina la ukoo wa baba likitiwa umbo la kike, hivi kwamba dada wawili waliweza kuitwa jina lile lile. Msomaji wa Utengano atamkumbuka Biti Kocho, anayetambulishwa kwa baba yake tu. Tungesema ni majazi? Ni majazi, lakini si ya tabia. Jina hilo linatuonyesha jamii inayomtazama mwanamke kupitia kwa mwanamume aliyemzaa.

Njia ambazo majina haya yalitufikia nazo zafaa kujulikana, kwa sababu zinaeleza tofauti za umbo. Huku nyuma ya Mombasa wamisionari wa Kiprotestanti walitangulia: Krapf na Rebmann walianzisha kituo Rabai mwaka 1846, na Wamethodisti wakafungua chao Ribe mwaka 1862. Hawa walileta majina katika sura ya Kiingereza. Grace, Florence na Lucy ni Kilatini kilichovaa koti la Mwingereza. Wakatoliki, waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 na kufika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1870, walikuwa wakiendesha ibada kwa Kilatini, na mara nyingi majina yakabaki na sura yake ya asili: Lusia, Regina, Rosa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe anayebatizwa anapewa jina la Kikristo. Wazazi wasipokubali, aliongeza mwenyewe jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Sheria ya mwaka 1983 ililegeza, ikakataza tu jina lisilopatana na hisia ya Kikristo. Kwa hiyo ukimwona bibi mzee aitwaye Regina na mjukuu aitwaye Neema katika nyumba moja ya Kikatoliki, huenda tofauti yao ikawa ya sheria kama ilivyo ya mapenzi.

Hapo ndipo tunapofika kwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa na East African Literature Bureau mwaka 1971. Haimo katika orodha ya vitabu teule vya sasa, lakini ukitaka darasa lielewe majazi kwa kina, sijui riwaya inayofaa zaidi. Katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe, anaishi Zakaria, mlevi, na mkewe Regina. Mabinti zao ni Rosa, Flora, Honorata, Stella na Sperantia, na kitinda mimba ni mvulana, Emmanuel. Wasome mama na mabinti kwa Kilatini: malkia, waridi, mungu wa kike wa maua, aliyeheshimiwa, nyota, tumaini. Hakuna nyumba ya kifahari zaidi kwa majina katika fasihi yetu, na ndani yake mna ulevi, ufukara na kipigo.

Je, Kezilahabi aliyapanga, au alichukua tu majina ya kawaida ya Ukerewe aliyokulia? Mhakiki mwangalifu ataanza na jibu la pili. Majina hayo yalikuwapo vijijini, na Wakerewe hawakuhitaji kujua Kilatini ili wamwite mtoto Honorata. Lakini mwandishi huyu alisoma katika seminari ya Nyegezi, mahali ambapo kijana hufundishwa Kilatini, na neno la pili la jina la riwaya linamfichua. Hakuna mtu nyumbani kwa Zakaria aitwaye Mistika. Rosa Mistika ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika Litania ya Loreto, ambayo Papa Sixtus wa Tano aliiidhinisha mwaka 1587. Katika litania hiyo hiyo Maria huitwa nyota ya asubuhi, na mwishoni huitwa malkia tena na tena. Flora simwoni humo, wala sitalazimisha kila jina liingie. Waridi, nyota na malkia wanatosha. Tena shule anayopelekwa Rosa inaitwa Rosary, na rosarium kwa Kilatini ni bustani ya waridi.

Sasa mwanafunzi wa mwongozo ataandika: "Rosa maana yake ni waridi, na Rosa ni msichana mrembo, kwa hivyo ni majazi." Hajakosea, ila ameishia kizingitini. Rosa hakupewa jina la ua tu, amewekewa kipimo cha Bikira. Baba yake anamchunga na kumpiga kwa sababu ya barua ya Charles, utadhani usafi wa binti huingizwa kwa fimbo. Akishatoka kwenye ulinzi ule hana silaha yoyote ya kujikinga, kwa kuwa hakufundishwa kuchagua, alifundishwa kuogopa. Miongoni mwa wanaume wanaomharibia njia yumo Deogratias, na jina hilo maana yake ni "shukrani kwa Mungu". Mwishowe Charles yule yule, akishajua kwamba mchumba wake si bikira, anamkataa, na Rosa anajiua. Jina lilimtaka awe kitu ambacho hakuna msichana wa nyama na damu angeweza kuwa, na kila mwanamume aliyemzunguka alijipa haki ya kumpima kwalo. Mimi naona majazi ya riwaya hii yamo katika umbali kati ya jina na maisha, na umbali huo umetengenezwa na watu, haukuanguka kutoka mbinguni. Kuuita kinaya ni sawa, mradi tumweleze mwanafunzi ni kinaya dhidi ya nani. Kwa maoni yangu si dhidi ya Rosa.

Mwalimu anayelitumia umbo la Rose kwa Rosa ajue pia kwamba hayo mawili hayakuanza pamoja. Rose ya Waingereza wa zama za kati ilitokana na jina la Kijerumani cha kale lililohusu sifa na umaarufu, kisha ikaja kuchanganyika na ua kwa kufanana sauti. Rosa ndiyo waridi hasa, na kwa upande wetu ni pacha wa Waridi, jina tulilolipata kwa Waarabu.

Ukimweka Maimuna kando ya Rosa, swali la mwanafunzi wangu linapata jibu ambalo sikuweza kumpa siku ile. Wote wawili wamefungiwa na baba. Maksuudi anajificha nyuma ya heshima ya cheo na dini, Zakaria hana hata heshima ya kujifichia. Wote wawili wanapotoka wanaangukia mikononi mwa wanaume waliokuwa wakingoja. Mmoja ni mwenye heri kwa Kiarabu, mwenzake ni waridi takatifu kwa Kilatini, na katika lugha zote mbili jina lilitolewa na watu ambao hawakufanya lolote ili litimie. Maimuna hakubarikiwa kwa sababu waliomwita hivyo hawakumbariki. Tofauti ni kwamba Maimuna anaachiwa nafasi ya kurudi na kuanza upya, Rosa haachiwi. Hapo ndipo ningependa wanafunzi wabishane, na ndipo ningetoa alama.

Tunaposahihisha, basi, mtahiniwa anayeandika kwamba jina fulani si majazi kwa sababu halilingani na sifa za mhusika asikatwe alama kabla hatujasoma sentensi yake inayofuata. Nimewahi kuona jibu la aina hiyo likipigwa mstari mwekundu katika mtihani wa mwigo, na mtahini alikuwa mimi.

Felista alimaliza shule zamani, na sijui aliko. Kalenda ya Kanisa ninayoitazama ninapoandika haya inaonyesha kwamba Perpetua na Felicitas hukumbukwa tarehe 7 Machi.