Fani na Maudhui katika Picha za Majengo Marefu ya Goma

Katika upigaji picha, fani haitengani na maudhui. Mpiga picha aelekezaye kamera juu akiwa chini ya jengo la ghorofa hulikuza: mistari yake huelekea kukutana angani, nayo ardhi hufichika. Mjini Goma ufichaji huo ni upungufu wa maudhui. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikateketeza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Wakazi wakajenga upya juu ya lava iliyoganda. Arudiye nyuma akatumia lenzi ndefu huusogeza mlima huo wa mita 3,470 karibu na paa, na jiwe jeusi la msingi huonekana. Picha ya kwanza humsifu mwenye jengo; ya pili huusimulia mji.