Matiko ya Tindo

Mjini Goma jiwe halitafutwi mbali. Januari 17, 2002, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka, lava ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu na kufukia mitaa mizima. Ilipopoa, watu walirudi juu ya mwamba ule mweusi, wakaupasua na kujengea misingi na kuta. Wapasua mawe wengi hutegemea mikono, nyundo, mtaimbo na tindo.

Sifa huenda kwa mwenye nyundo, maana jasho lake laonekana. Lakini wa kutajwa kwanza ni aliyeitia tindo ile matiko.

Tindo hudaiwa mambo mawili yasiyopatana: makali yasijikunje yanapokutana na mwamba, na mwili usikatike kwa mapigo. Tupa ni ngumu kuliko tindo, kwa kuwa kaboni yake huzidi asilimia 1. Ipige nyundo, itakatika vipande. Ndiyo maana Wamarekani wana kundi la feleji za kuhimili mapigo, lenye herufi S, ambalo kaboni yake imepunguzwa makusudi hadi karibu asilimia 0.5. S5 huongezewa silikoni, karibu asilimia 2. S7 ina kromu zaidi ya asilimia 3, nayo hugangamaa kwa kupoa hewani tu.

Mhunzi wa mtaani ana springi ya gari bovu (na barabara za Kivu hazichoki kuzivunja). Hajapunjwa sana. Springi nyingi zina kaboni karibu asilimia 0.6, na baadhi zina silikoni inayokaribia ile ya S5.

Ncha huchomwa kwenye makaa hadi sumaku isiishike, kisha moto huzidishwa kidogo, ndipo izamishwe kwenye oili. Maji hupoza kwa pupa, na ufa hutokea. Ncha ikitoka kwenye oili ni ngumu lakini haiaminiki. Husuguliwa ing'ae, kisha hupashwa tena polepole, na rangi huanza kutembea juu yake: manjano kwenye nyuzi 220 hivi, hudhurungi 260, zambarau 280, buluu 300. Kwa tindo ya mawe, zambarau inatosha. Akichelewa kidogo tu, ugumu umepita.

Kichwa hakitiwi matiko kabisa. Kikiwa kigumu, nyundo itakirusha vipande machoni. Kwa kuwa ni laini, huchanua kwa kupigwa, na kingo zake hazina budi kusagwa mara kwa mara. Ncha nayo hunolewa kwa subira, ikichovywa majini, kwani buluu ikijitokeza kwenye mashine ya kunolea, kazi ya mhunzi imeanza kuharibika.