Maneno Yasemwayo Kando ya Barafu

Mjukuu wangu aliniachia kitabu cha Kijapani kilichotafsiriwa kwa Kiingereza, akanionya kwamba husomwa kuanzia upande wa kulia. Hilo halikunisumbua, sisi tuliosoma kwa maalimu utotoni tumezoea kufungua kitabu hivyo. Kilichonisumbua ni kwamba ni kitabu cha picha, wenyewe huviita manga, nami katika ukuu wangu wa chuo cha ualimu niliwanyang'anya wanachuo vitabu vya picha visivyo na idadi, nikavifungia kabatini.

Kitabu kinaitwa Knight of the Ice, kina mabuku 11, na mtungaji na mchoraji wake ni mama mmoja, Yayoi Ogawa. Nimesoma mawili. Kokoro Kijinami ni bingwa wa kuteleza kwenye barafu. Mbele ya watu ni kijana mtanashati asiye na dosari. Akiwa faraghani ni mtu wa haya, ahusuduye katuni za televisheni wazipendazo watoto wa kike. Siri yake ni kwamba hawezi kuruka, akazunguka mara nne hewani na kutua salama, mpaka Chitose, rafiki yake wa tangu utotoni, awepo kumsomea maneno ya uchawi kutoka katika katuni hizo. Chitose naye ana kazi yake katika gazeti la afya. Kazi hiyo huwekwa kando kila Kokoro anapomhitaji.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mruko huo wa mizunguko minne si mchezo wa kitoto. Ulikubaliwa katika mashindano kwa mara ya kwanza mwaka 1988, alipoutimiza Kurt Browning wa Kanada, nao hukaa hewani kwa muda usiofika sekunde moja. Hakuna nafasi ya kufikiri mle. Mtu huruka na alichokwisha kuambiwa.

Ustadi wa Ogawa niliuona hasa katika ushindani. Kwenye mpira hasimu yuko mbele yako, unampokonya. Kwenye barafu kila mmoja huingia peke yake. Mshindani wako amekwisha kucheza, au bado anafunga viatu. Utauchoraje ugomvi wa watu wasiokutana? Yeye huuchora kando ya uwanja, katika macho ya wanaotazama na kwenye benchi la kungojea alama za waamuzi. Wala hakuwafanya wapinzani wa Kokoro kuwa waovu, jambo ambalo waandishi wetu wengi wa hadithi za michezo hawaliwezi.

Mapenzi ndipo ninapogombana naye. Kokoro anampenda Chitose, au anayapenda maneno yatokayo kinywani mwake? Mwandishi analijua swali hili, lakini kila likikaribia analipita kwa kichekesho, na vichekesho vyake vizuri kweli. Na saa zinazopotea za Chitose, nani anazihesabu? Kwangu mimi huyo ndiye mtu mkuu wa hadithi, ingawa jalada amepewa mwingine.

Pengine nasema hivi kwa sababu yangu mwenyewe. Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wangu mmoja alitetemeka mbele ya Darasa la Sita hata chaki ikamkatikia mkononi. Nilipokwenda kuketi dawati la nyuma, akatulia, akafundisha vizuri kuliko wenzake wote. Basi nikawa naketi pale kila siku, nikijiona mlezi mwema. Nikampa alama ya juu. Alipangiwa shule ya mbali, na kabla ya mwaka kwisha aliacha ualimu. Alama ile nilimpa yeye, au nililipa lile dawati la nyuma? Nimestaafu zamani, na bado sijaweza kujijibu.

Ndiyo maana nikifika kwenye kurasa ambazo Chitose, mfupi mno, anajipenyeza mpaka kando ya barafu kumfikishia yule kijana maneno yake, huwa simwangalii bingwa kabisa. Namwangalia yeye. Nimemwagiza mjukuu alete buku la tatu, ila nimemkataza asinisimulie.