Wimbo wa Dume na Suala la Umilikaji

Miongoni mwa Waturkana, kuanzia Kainuk, penye lango la kusini, hadi Lodwar na Kakuma, mwanamume humtungia wimbo dume ampendaye, na huitwa kwa jina litokanalo na dume huyo. Wenzake huuitikia wimbo, lakini unabaki wake.

John Perry Barlow alitangaza huko Davos mwaka 1996 kwamba dhana za mali hazina nguvu katika ulimwengu wa mtandao, usio na maada. Wafuasi wa rai hiyo wangeuona wimbo wa dume kuwa ushahidi wao, kwani mwitikiaji hanunui chochote. Ushahidi huo ni wa nusu tu: kinachoachwa huru ni sauti, si jina.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inakosea kwa upande wa pili. Haki inakuwa ya jamii, au ya aliyekabidhiwa na jamii, na fanani anamezwa. Ajabu ni kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ilaumiwayo kuwa ya kigeni, inampa mtunzi haki ya kutambuliwa, ingawa ni baada ya kazi kuandikwa au kurekodiwa.

Basi lawama haiiangukii sheria peke yake. Mkusanyaji wa fasihi simulizi arekodiye kwa simu, kisha akaandika “wimbo wa Kiturkana” na jina lake mwenyewe chini, ndiye amfutaye mtunzi, hata kabla wimbo haujafika mtandaoni.