Leza ya kijani na penalti iliyopaswa kusubiri

Mohamed Salah hakupaswa kuruhusiwa kupiga penalti ile. Usiku wa Machi 29, 2022, kule Diamniadio, Senegal, Misri ilipocheza na wenyeji mchujo wa Kombe la Dunia, uso wake ulikuwa umegeuka kijani kabla hajaufuata mpira, na mwamuzi alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Filimbi ikalia hata hivyo. Mpira ukapaa juu ya mwamba, na Misri ikaanza kulipungia mkono Kombe la Dunia.

Watazamaji wa Bunia na Kilo wanaukumbuka usiku huo kwa uchungu wao wenyewe, maana Leopards, timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walichapwa 4-1 na Morocco kule Casablanca kwenye mchujo huohuo. Lakini kipigo kile kilikuwa cha mpira. Cha Diamniadio kilichanganyika na fizikia.

Leza nyekundu ni kifaa chepesi: betri, dayodi na lenzi, basi. Dayodi yenyewe hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 650 hivi. Kalamu ya kijani iliyozoeleka hupita njia ndefu. Dayodi yake hutoa mwanga wa nanomita 808, usioonekana. Fuwele yenye neodimiamu huupokea na kutoa wa 1064, nao hauonekani. Fuwele ya pili, KTP, hupunguza urefu huo wa wimbi kwa nusu, ndipo inapatikana 532, kijani. Fuwele hizo ni ndogo kuliko punje ya mchele. Kwenye kalamu za bei ya chini kichujio mara nyingi hakiwekwi, na mwanga usioonekana huvuja pamoja na ule wa kijani.

Chini ya taa kali za uwanja, jicho la binadamu huona vizuri zaidi karibu na nanomita 555. Ndiyo sababu miliwati 5 za kijani huonekana kali mara nane hivi kuliko miliwati 5 za ile nyekundu ya 650. Tena mwale hupanuka kadiri unavyosafiri: kutoka jukwaani, mita 100 hivi, doa huweza kufikia sentimita 10, upana wa kutosha kuyafunika macho yote mawili. Mpigaji hubaki na kivuli cha mwanga machoni hata doa likishahama. Salah alimulikwa na leza nyingi kwa pamoja.

Mwamuzi alikuwa na dawa mkononi. Kanuni ya 5 inamruhusu kusimamisha mchezo kunapokuwa na uingiliaji wa nje. Angeweza kungoja, kumwita msimamizi wa mechi, kuomba tangazo lisomwe na polisi wapande majukwaani. Hewa hutawanya kijani zaidi ya mara mbili ya nyekundu, na penye moshi au vumbi mstari wa mwale huonekana zaidi na humsaliti anayeishika leza. Dakika 5 za kusubiri zingemgharimu nani?

Kweli, mpira nao ulichezwa usiku ule: El Shenawy, kipa wa Misri, alipangua penalti ya Msenegali Saliou Ciss vizuri, na Sadio Mané wa Senegal alimaliza kazi kwa shuti safi. Lakini hilo halifuti kosa la leza.

FIFA baadaye iliitoza Senegal faranga 175,000 za Uswisi na mechi moja bila mashabiki. Matokeo, 3-1 kwa penalti, yakabaki. Ndivyo ilivyokuwa Wembley Julai 2021, nusu fainali ya Euro: Kasper Schmeichel, kipa wa Denmark, alimulikwa kijani wakati wa penalti ya Harry Kane, Uingereza ikatozwa euro 30,000 na ikacheza fainali. Faini inayokuja baada ya tiketi kukatwa haimzuii mtu.

Kelele za ugenini ni jambo jingine. Mulamba Ndaye wa Zaire, Kongo ya leo, aliwafunga Wamisri mara mbili kwao Cairo, nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1974, Zaire ikashinda 3-2. Kelele za uwanja mzima zilikuwa dhidi yake, lakini macho yake yalikuwa huru. Hata kipa Lionel Mpasi, alipoifungia Kongo penalti ya ushindi dhidi ya Misri kule San Pedro, Januari 2024, alipiga akiuona mpira.

CAF na FIFA ziandike jambo hili waziwazi kwenye maelekezo ya waamuzi: leza ikigusa uso wa mpigaji au kipa, penalti isipigwe mpaka izimwe.